Mzigo wa kimwili wa wanafunzi wa uuguzi wakiwa wodini: tuupime kwa hatua, kwa mapigo ya moyo au kwa maneno yao wenyewe?

#1 Mkufunzi_Ziwani
Habari zenu. Ninafundisha uuguzi katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Kila kundi la stashahada linaporudi kutoka mafunzo ya vitendo hospitalini huleta malalamiko yale yale ya kiuno, magoti na nyayo, na kila tunapoyafikisha kikaoni tunajibiwa kwamba uuguzi ni wito na kwamba kijana wa miaka 20 hana mgongo wa kuuma. Mwaka huu nakusudia kuingia kikaoni na namba. Pendekezo langu ni kuhesabu hatua kwa simu zao, kwa sababu karibu kila mmoja anayo simu na hakuna gharama. Kwa kuwa kiwango kinachojulikana ni hatua 10,000 kwa siku, mwanafunzi atakayezipita kabla zamu haijaisha tutasema amezidiwa. Je, yupo aliyewahi kupima hivi, na je, chuo kisicho na fedha kinaweza kupata kipimo kilicho bora zaidi?

#2 Fizio_Dodoma
Salama, Mkufunzi. Hizo hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na tangu hapo zimeenea kama lengo la mtu anayetaka kujihimiza atembee. Hakuna aliyeziweka kuwa ukomo wa kazi, kwa hiyo ukizitumia hivyo kikaoni, atakayekuwa amesoma kidogo atakuangusha kwa swali moja.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hatua haijui mkono umebeba nini. Mwanafunzi anayetumwa maabara na sampuli asubuhi nzima atakuwa na hatua nyingi kuliko mwenzake aliyeshinda wodi ya mifupa akiwageuza wagonjwa waliofungwa uzito mguuni, lakini huyo wa pili ndiye atakayekuja kwangu ameshika kiuno.

Mimi ningeanza na mapigo ya moyo. Chukua mapigo ya mapumziko, kadiria mapigo ya juu kabisa kwa kutoa umri kwenye 220, kisha tafuta mapigo ya wastani ya zamu yapo wapi kati ya hayo mawili. Msingi wa hesabu hii ni kazi ya Karvonen wa Finland na wenzake ya mwaka 1957. Kwa mwanafunzi wa miaka 20 mwenye mapigo 70 ya mapumziko, nafasi ya kupanda ni 130, na wataalamu wengi wa kazi hushauri kwamba zamu ya saa 8 isizidi takribani theluthi moja ya nafasi hiyo, yaani kama 43 juu ya zile 70 za mapumziko, wastani wa mapigo kama 113 kwa dakika.

#3 Takwimu_Baridi
Marekebisho madogo kwa #2. Kanuni ya 220 kutoa umri huwakadiria vijana juu kuliko inavyostahili. Tanaka na wenzake walipendekeza mwaka 2001 kwamba tutumie 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kanuni hizo mbili hukutana katika umri wa miaka 40. Chini ya hapo ya zamani inazidisha, juu ya hapo inapunguza. Kwa miaka 20 tunapata 194, nafasi ya kupanda inakuwa 124, na theluthi yake inatuweka kwenye mapigo 111.

#4 Pwani_Usiku
Takwimu_Baridi ameandika aya nzima kutuokolea mapigo mawili. Tunamshukuru.

#5 Sista_Mstaafu
Nimewasoma wanangu, na ninawauliza swali moja. Moyo wa mwanafunzi unakwenda mbio kwa sababu ya nini? Nimewasimamia wanafunzi kwa miaka mingi. Anayechoma sindano kwa mara ya kwanza, anayekabidhi zamu mbele ya msimamizi mkali, au anayemfunga mgonjwa aliyefariki kwa mara ya kwanza maishani mwake, moyo wake utapanda akiwa amesimama mahali pamoja wala hajainua kitu. Kifaa chenu kitaandika kwamba amefanya kazi nzito, na mtapeleka kikaoni hofu mkidhani ni jasho.

Halafu hiyo saa mtaivaa wapi? Sisi tulibana saa kifuani kwa pini, kichwa chini, kwa sababu kifundo cha mkono kinapaswa kuwa wazi ili kioshwe vizuri. Mkufunzi atakayewavalisha wanafunzi saa za mkononi ili awapime atakuwa anawafundisha kuvunja kanuni ya kuzuia maambukizi.

#6 Mwanafunzi_Kisumu
Asante sana Mama (#5), hilo la hofu ni kweli tupu. Mimi nasomea diploma huku Kenya na niko katika mazoezi ya kliniki sasa hivi. Wiki ya kwanza nilikuwa nikifika bwenini nimechoka hata kushika kijiko kunanishinda, ilhali ukiniuliza niliinua nini nisingeweza kukutajia. Nikazoea wodi, na uchovu ukahamia mahali pengine: sasa ni miguu na kiuno, kichwa kimetulia. Kama mkufunzi angenipima wiki ya kwanza peke yake, angepata picha ambayo si ya kazi yenyewe.

Kuhusu simu za Mkufunzi (#1), kwetu haturuhusiwi kuingia nazo wodini. Rafiki yangu alijaribu bangili ya kuhesabu hatua, na tukagundua kwamba akisukuma toroli ya dawa au machela kwenda chumba cha upasuaji haihesabu karibu chochote, kwa sababu mikono imeshika chuma na haipungi. Kazi nzito kuliko zote ndiyo inayopotea kwenye hesabu.

#7 Leeds_Kaskazini
Salaam kutoka Uingereza. Hapa mwanafunzi wa uuguzi anatakiwa kukamilisha saa 2,300 za mafunzo ya vitendo ili asajiliwe, kwa hiyo swali la mzigo tunalijua. Kanuni ya mikono kuwa wazi chini ya viwiko inafuatwa kwa ukali, na waliowahi kupima mapigo hutumia mkanda wa kifuani au wa juu ya kiwiko, chini ya shati. Tatizo la mkufunzi linatatulika.

Ninalohofia ni jingine. Vifaa vinavyosoma mapigo kwa mwanga vinajulikana kukosea kwenye ngozi nyeusi, na utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2020 umelithibitisha hilo. Bora mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo.

#8 Takwimu_Baridi
Ndugu Leeds, utafiti ninaoamini unaukusudia, wa Sjoding na wenzake, ulihusu vifaa vya kidoleni vinavyokadiria oksijeni kwenye damu. Ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika ulikosa kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Haukuhusu idadi ya mapigo. Tusihamishe ushahidi wa kitu kimoja kwenda kingine kwa sababu vyote vinatumia taa. Mkanda wa kifuani nauunga mkono kwa sababu tofauti: mkono unaotikisika, ukiosha mgonjwa au kusugua sakafu, huivuruga saa ya mwanga kwa mtu wa rangi yoyote.

#9 Fizio_Dodoma
Narudi kwa Mama wa #5. Shikamoo. Hoja yako ya hofu naikubali nusu, lakini kuna nusu nyingine inayokwenda kinyume. Zipo kazi zinazoumiza bila kuupandisha moyo. Mwanafunzi anayeshikilia mguu wa mgonjwa hewani wakati daktari anafunga plasta, au anayeinama dakika nyingi akitafuta mshipa wa mtoto, misuli yake imekaza bila kusogea. Mapigo yanaweza kubaki karibu na ya kawaida huku kiuno kinaungua. Kwa hiyo kuna wakati moyo unazidisha habari na kuna wakati unaificha, na wastani wa zamu nzima unayafuta yote mawili.

Ndiyo maana kuna vipimo vya mkao. REBA, iliyochapishwa na Hignett na McAtamney mwaka 2000, ilitengenezwa kwa kuangalia mikao ya kazi ikiwa ni pamoja na ya hospitalini. Mpimaji anaangalia shingo, mgongo, miguu na mikono, anaongeza uzito na namna ya kushika, kisha anapata alama kuanzia 1 hadi 15. Alama 8 hadi 10 ni hatari kubwa, 11 na kuendelea zinataka kazi ibadilishwe mara moja. Inahitaji karatasi, kalamu na jicho lililofunzwa, na nadhani hilo chuo chochote kinaliweza.

Uzito nao una rejea. Kanuni ya taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, huanza na kilo 23 katika hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mtu amesimama wima, hajajipinda. Kwa kumwinua mgonjwa, Thomas Waters wa taasisi hiyo alipendekeza mwaka 2007 ukomo wa kama kilo 16, kwa kuwa binadamu hana mpini wa kushikia na anaweza kushtuka au kulegea ghafla.

#10 Kifungu_Kidogo
Kilo 16 za wapi, wakuu? Shirika la Kazi Duniani linaruhusu kilo 55. Mkienda kikaoni na kilo 16 mtaambiwa mnawadekeza.

#11 Leeds_Kaskazini
Kifungu, hizo 55 zimo kwenye Pendekezo namba 128 la mwaka 1967, linamhusu mwanamume mtu mzima, na pendekezo lile lile linataka kiwango cha wanawake kiwe chini sana ya hapo. Pia linazungumzia mzigo wa kubebwa, gunia kwa mfano, na gunia halikushiki shingoni likiogopa kuanguka. Miongozo ya hapa Uingereza, kwa mzigo ulioshikwa karibu na mwili usawa wa kiuno, inataja kilo 25 kwa wanaume na 16 kwa wanawake, tena kama mahali pa kuanzia kutafakari na si ruhusa.

#12 Baba_wa_Wodi_Saba
Mimi si muuguzi. Nilimuuguza baba yangu aliyepooza upande mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja, na naomba kuuliza kitu ambacho wataalamu wamekiruka. Aliyekuwa akimgeuza baba kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo nilikuwa mimi na mdogo wangu, kwa khanga mbili zilizotandikwa chini ya mgongo wake, mmoja huku na mmoja kule. Mwanafunzi aliifanya kazi hiyo pale tu tulipokuwa tumeondoka. Kwa hiyo mzigo wa mwanafunzi unategemea wingi wa ndugu waliopo. Saa za kuona wagonjwa zikiisha na mlinzi akitutoa nje, kazi yote inamwangukia yeye. Mkipima asubuhi, mtapata namba moja. Mkipima usiku wa manane, nyingine kabisa.

#13 Sista_Mstaafu
Baba wa Wodi Saba amesema neno. Naongeza kwamba zipo wodi ambamo wagonjwa wengi hawana ndugu kabisa, wale waliookotwa barabarani baada ya ajali, na mwanafunzi anayepangiwa huko anageuka kuwa ndugu wao wote. Usimlinganishe na aliyepangiwa kliniki ya watoto. Na khanga usiidharau, Fizio. Kumvuta mgonjwa kwa kitambaa ni afadhali mara mia kuliko kumwinua kwa makwapa, jambo ambalo bado naliona likifanyika.

#14 Fizio_Dodoma
Siidharau hata kidogo, Mama. Kuvuta juu ya kitambaa ndiyo kanuni ya mashuka ya kutelezesha yanayouzwa kwa bei kubwa. Ninachotahadharisha ni kwamba hata watu wawili wakishirikiana, mgongo haupati nafuu ya kutosha. Marras na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walipima mwaka 1999 namna mbalimbali za kumhamisha na kumsogeza mgonjwa kwa mikono, na hata zile za watu wawili zilibaki kwenye hatari kubwa kwa uti wa mgongo.

#15 Pwani_Usiku
Mimi nasoma Tanga na naona wote mnaanza kupima saa 1:30 asubuhi, mwanafunzi anapoingia wodini. Uchovu wangu huanza mapema zaidi. Bweni limejaa, nimepanga chumba mbali, naamka saa 10 alfajiri kuchota maji, natembea hadi kituoni, nasimama kwenye daladala njia nzima, na chai nakunywa nikipata. Nikifika, mapigo yangu ya mapumziko, yale ambayo #2 anataka kuyatoa kwenye hesabu, hayako kwenye mapumziko tena. Ongeza joto la pwani na vyumba visivyo na feni. Nashauri mtupime uzito kabla na baada ya zamu, kwa sababu kilo moja inayopungua ndani ya saa chache ni karibu lita moja ya maji. Wakati wa Ramadhani ndipo mtakapoona maajabu.

#16 Takwimu_Baridi
Wazo la mizani ni zuri na la bei nafuu, ila chakula, kinywaji na haja ndogo lazima viandikwe, vinginevyo unapima choo.

Nina mambo mawili ya msingi. Kwanza, mtu anayejua anatazamwa hubadilika. Mkufunzi akisimama na fomu ya REBA pembeni ya kitanda, kila mwanafunzi atakunja magoti kama alivyofundishwa darasani, na akigeuka wataendelea kuinama kutoka kiunoni. Pili, ambalo ni baya zaidi: wanaoumia sana huacha chuo au huomba kuhamishiwa kwingine, kwa hiyo ukipima mwaka wa tatu unapima mabaki yenye migongo imara na kujiambia kwamba mafunzo yanawakomaza. Mpime kila mmoja kabla hajakanyaga wodini, kisha umfuate yeye yule yule hadi mwisho, pamoja na anayeacha.

#17 Mkufunzi_Ziwani
Nashukuru kwa michango. Nimewasikia kuhusu hatua. Hata hivyo naona kila kipimo kilichotajwa kimepigwa teke na aliyefuata, na mimi nina wanafunzi zaidi ya mia na wakufunzi watatu. Je, kuwauliza tu wenyewe si kungetosha? Lipo dodoso la nchi za Nordiki la mwaka 1987 lenye mchoro wa mwili uliogawanywa sehemu tisa, ambapo mtu anaonyesha alipoumwa katika miezi 12 na katika siku 7 zilizopita. Ipo pia mizani ya Borg, yule mwanasaikolojia wa Sweden, ambapo mtu anataja mwenyewe anavyojihisi kuwa kazi ni nzito kwa namba kuanzia 6 hadi 20, na nasikia ukizidisha jibu mara 10 unapata mapigo ya moyo bila kifaa chochote.

#18 Fizio_Dodoma
Dodoso hilo ni zuri na limetumika sana kwa wauguzi. Kuhusu Borg, kuzidisha mara 10 ni makadirio yanayomfaa kijana mwenye afya anayekanyaga baiskeli au kukimbia kwenye mashine. Kwa kazi ya kuinama na kushikilia, uhusiano huo unavunjika kwa sababu niliyoitaja #9. Lakini kwangu mimi hapo ndipo faida ilipo: pale mwanafunzi anaposema 15 huku moyo wake uko 95, tofauti hiyo inakuambia kuna misuli iliyokazwa mahali. Chukua vyote viwili katika kundi dogo, na dodoso kwa wote.

#19 Mwanafunzi_Kisumu
Samahani Mwalimu (#17), naomba niseme kwa niaba ya wanaopimwa. Wewe ndiye unayesaini kitabu chetu cha kumbukumbu za vitendo na wewe ndiye unayetupa alama. Ukinipa fomu inayouliza kama ninaumwa mgongo, nitafikiria mambo mawili kabla ya kujibu: je, nitaonekana mvivu, na je, nitaambiwa siwezi kazi hii? Kuna mwenzetu aliyekuwa mjamzito na hakumwambia mtu hadi ilipoonekana. Mwingine ana upungufu wa damu, na moyo wake unapanda akipanda ngazi tu. Mkanda wenu ungemfichua bila yeye kutaka. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kinahitajika hata kama ni mradi mdogo, na fomu zikusanywe na mtu asiyetufundisha.

#20 Kifungu_Kidogo
Hapo namuunga mkono mwanafunzi bila masharti. Mwajiriwa wa Tanzania ana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ya kushika mkononi. Mwanafunzi anapoumia wodini, chuo kinaelekeza kidole hospitali, na hospitali inaelekeza kidole chuo. Anza na makubaliano ya maandishi kati ya pande hizo mbili, kwa sababu namba zikishapatikana kila upande utasema si zake.

#21 Sista_Mstaafu
Wanangu, mmewapima wanafunzi kuanzia moyo hadi mkojo, na hakuna hata mmoja aliyetaja kitanda. Chukueni futi ya fundi cherehani mpime urefu kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, kitanda kwa kitanda, kisha mpime kila mwanafunzi kutoka sakafuni hadi kiunoni. Katika wodi nyingi nilizofanya kazi, vitanda vilikuwa vya chuma visivyopanda wala kushuka, na binti mrefu aliinama zamu nzima huku mfupi akipanda kwenye kigoda cha kukanyagia. Vitanda havijui kwamba vinapimwa, Takwimu, na havina aibu ya kujibu.

#22 Leeds_Kaskazini
Mama, nakubali kwa upande wa mgongo wa muuguzi, lakini kitanda kikiinuliwa ndipo wazee wanapoanguka wakijaribu kushuka usiku peke yao. Hapa vitanda vinapanda na kushuka kwa umeme, na bado muuguzi mwenye haraka huinama kwa sababu hana muda wa kusubiri kitanda kiinuke. Ukosefu wa watu zamuni ndio mzizi, na huo haupimwi kwa futi.

#23 Fizio_Dodoma
Wala hautatibiwa kwa kuwafundisha kukunja magoti, jambo ambalo kikao chochote kitalikimbilia kwa sababu ni rahisi. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha na kupima tafiti nyingi za afya, yaliangalia mafunzo ya mbinu za kunyanyua, yakiambatana na vifaa au bila vifaa, na hayakuona kwamba yanazuia maumivu ya mgongo. Kuhusu upungufu wa watu, Leeds, sikubaliani nawe moja kwa moja: nimeona wodi yenye wanafunzi kumi zamu moja, na waliokuwa wakigeuza wagonjwa ni wawili, wale wale kila siku, kwa kuwa ndio wakakamavu.

#24 Mkufunzi_Ziwani
Futi ninayo. Nitaanza na vitanda vya wodi mbili, ya mifupa na ya wanaume, wakati tukisubiri kibali cha kamati. Fizio, hao wawili wakakamavu waliogeuza wagonjwa, walikuwa wavulana au wasichana? Nauliza kwa sababu kwetu wavulana ni wachache darasani, na kila wodi inawaita kwa jina panapotakiwa kuinuliwa mtu.

#25 Fizio_Dodoma
Wote wawili wavulana. Mmoja ni mgonjwa wangu sasa.

#26 Pwani_Usiku
Kwetu ni kinyume: wavulana hutumwa kufuata damu maabara, na wasichana ndio wanaobaki na mabeseni. Mkufunzi, kwenye fomu yako ongeza safu ya nani alitumwa wapi na nani alimtuma.